Chaneli ya bakpleni inaanzia wapi, inaishia wapi? Maswali yenu na majibu

Habari zenu wasomaji. Mwezi huu barua nyingi zimeangukia sehemu moja, zile bodi kubwa za nyuma (bakpleni) kwenye rauta, swichi na seva, na signali za kasi zinazopita humo. Nimezipanga zifuatane, kwa hiyo ukisoma ya kwanza ya pili haitakusumbua.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko mwaka wa nne, uhandisi wa elektroniki, hapa Dar. Fildi nimeenda sehemu wana rauta kubwa ya kuchomeka kadi. Siku moja walitoa kadi moja nikachungulia ndani nikaona kule nyuma bodi kubwa nene haina hata IC moja, konekta tupu. Fundi akaniambia hiyo ndo bakpleni na ndo kitu kigumu kuliko vyote humo. Sikumwelewa, si shaba tu inaunganisha pini na pini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Fundi wako kasema kweli kabisa, na nafurahi umechungulia maana wengi hawachungulii.

Tuanze na hesabu ndogo. Mwaka 2007 IEEE, chama cha wahandisi wanaoweka viwango, walitoa kiwango cha 802.3ap, humo kuna kitu kinaitwa 10GBASE-KR, yaani gigabiti 10 kwenye jozi moja ya nyaya za bodi kila upande, mpaka mita 1 ya shaba na konekta 2 njiani. Ukiongeza biti za usimbaji (kila biti 64 zinatumwa kama 66) kasi halisi ni gigabiti 10.3125 kwa sekunde, kwa hiyo biti moja inaishi pikosekunde 97 tu. Sasa kwenye bodi ya kawaida signali inatembea nusu ya kasi ya mwanga, kama sentimita 15 kwa nanosekunde moja. Zidisha utaona biti moja ina urefu wa sentimita 1 na nusu hivi. Yaani kwenye ile mita 1, wakati biti ya kwanza inafika upande wa pili, nyuma yake kuna biti nyingine karibu 69 ziko njiani zinafuatana kama daladala jioni! Hapo huwezi tena kusema pini na pini zimeungana, hiyo ni barabara, na barabara ina mashimo, kona, na majirani.

Halafu barabara yenyewe inakula signali. Kwanza shaba. Kadiri masafa yanavyopanda umeme unakimbilia juujuu kwenye ngozi ya shaba, kwenye gigahezi 5 unapita kwenye unene wa kama mikromita 0.9 tu, wakati shaba yenyewe mara nyingi ina mikromita 17 au zaidi. Ndo maana shaba iliyokwaruzwa ili ishikane vizuri na bodi inapoteza zaidi, umeme unapanda na kushuka kila kamlima. Pili ni bodi yenyewe, ile resini na kioo, inageuza sehemu ya signali kuwa joto, na hii inaongezeka moja kwa moja na masafa, wakati ile ya shaba inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha masafa. Kwa hiyo ukiwa chini unapigana zaidi na shaba, ukipanda juu bodi ndo inakuwa adui mkubwa. FR-4, yaani bodi ya kawaida ya resini na kioo, ina kipimo cha upotevu cha kama 0.02, bodi za bei ghali ziko chini ya hapo mara tano au hata zaidi, ndo unaona bei zinatofautiana vile.

SWALI: Sasa mwalimu, niko Nairobi. Sisi kazini tumekosana vibaya juu ya hii maneno. Tuliagiza bakpleni, waliotengeneza wakatuletea ripoti inasema upotevu ni desibeli 20 kwenye gigahezi 5.16. Sisi tukapima na kadi zetu tukapata 25 na kitu. Bosi anasema tumedanganywa, mimi nasema labda mashine yetu ndio mbaya. Nani yuko sawa?

JIBU: Inawezekana hakuna aliyedanganya na mashine yenu ni nzima. Swali ambalo ningewauliza nyote kabla hamjagombana ni moja, mmepima kutoka wapi mpaka wapi?

Kwa kweli hili jambo linaniuma kwa sababu nimeona watu wazima wanapelekana mpaka kwa mwanasheria wakati wanazungumzia vitu viwili tofauti. Neno chaneli kila mtu analivuta upande wake. Aliyetengeneza bakpleni kwake chaneli ni kutoka konekta mpaka konekta, na pengine hata konekta yenyewe hajaihesabu, kapima tundu hadi tundu. Wewe mwenye kadi kwako chaneli ni kutoka chipu inayotuma, inapita kwenye kadi yako, konekta, bakpleni, konekta ya pili, kadi ya pili, mpaka chipu inayopokea. Kadi mbili zenye njia ya sentimita 10 au 15 kila moja, hizo desibeli 5 zenu zinaweza kuwa zimekaa humo humo!

Kiwango kimeweka nukta za kupimia kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye 10GBASE-KR unaongea habari za TP1 (TP ni nukta ya kupimia) upande wa kutuma na TP4 upande wa kupokea, katikati yake ndo njia. Kilipokuja 802.3bj mwaka 2014, cha gigabiti 100 kwa njia nne za gigabiti 25 kila moja, wakasema wazi zaidi, chaneli ni TP0 mpaka TP5, yaani kutoka vile vimpira vya lehemu chini ya chipu moja mpaka vimpira vya chipu nyingine. Sasa vimpira hivyo viko chini ya chipu, huwezi kufikisha probu pale, ndo wakaweka na TP0a na TP5a, mahali ambapo kupitia bodi ndogo ya kupimia unaweza kufika na kebo yako. Ukisoma ripoti ya mtu angalia kwanza kaandika herufi gani, halafu ndo uangalie desibeli.

Na mkae chini muulizane na haya: kapasita za kuzuia DC ziko ndani ya kipimo au nje? Konekta za bodi ya kupimia zimetolewa kwenye hesabu au bado zimo? Bodi ilikuwa baridi au ya moto? Mkishaandika hayo kwenye karatasi moja na wote mkasaini ndo mpime upya. Nina imani mtakuta mnakubaliana ndani ya desibeli moja.

Kuhusu 25 yenu yenyewe, kwa 10GBASE-KR mwongozo wa kiwango unakadiria kikomo kama desibeli 25 hapo kwenye gigahezi 5.16 (nusu ya ile kasi ya 10.3125), kwa hiyo mko ukingoni kabisa. Desibeli 25 maana yake kilichotumwa volti 1 kinafika milivolti 56. Inapokeleka lakini haina mchezo.

SWALI: Habari za kazi. Dada wa Arusha hapa. Grafu yangu ya upotevu inashuka taratibu vizuri tu halafu ikifika gigahezi 7 inatumbukia shimoni kabisa, kama desibeli 15 zaidi, halafu inapanda tena. Nimebadilisha kebo, nimebadilisha konekta, shimo liko palepale. Bodi ina unene wa milimita 6 na njia yangu iko leya (tabaka) ya tatu kutoka juu.

JIBU: Dada asante kwa kutaja unene na leya, umenipa jibu ndani ya swali. Hicho ni kisiki.

Tuangalie kwa karibu. Pini ya konekta inaingia kwenye tundu lililopakwa shaba kuanzia juu mpaka chini ya bodi, milimita zote 6. Signali inashuka kutoka juu, ikifika leya ya tatu, tuseme milimita 0.7 au 0.8, inakunja inaingia njiani kwake. Lakini tundu halijaisha! Chini yake kuna bomba la shaba la milimita 5 na kitu linaning'inia haliendi popote, kama kisiki cha mti uliokatwa. Sehemu ya signali inashuka humo mpaka chini, inagonga mwisho, inarudi juu. Sasa kama kile kisiki kina urefu wa robo ya wimbi, kwenda na kurudi inakuwa nusu wimbi, inarudi imegeuka juu chini na inaiua ile inayopita. Hesabu ni kasi ya mwanga gawanya kwa mara nne ya urefu wa kisiki mara kipeuo cha pili cha Dk ya bodi (namba inayoonyesha bodi inapunguza kasi ya signali kiasi gani). Kisiki cha milimita 5 kwenye bodi ya Dk 4 kinakupa gigahezi 7.5, na kwa kuwa zile pete za shaba kwenye kila leya zinaongeza uwezo wa kuhifadhi chaji, kwa vitendo shimo linashuka chini kidogo ya hesabu. Chako kina kama 5.2, umepata 7. Inakaa sawasawa.

Ukitaka kuliona kwa macho omba kipande cha bodi iliyoharibika, wakikate katikati ya tundu, ukisugue na msasa mpaka laini, uweke chini ya hadubini. Utaona ukuta wa shaba pande zote mbili, utaona ule mstari mwembamba wa leya ya tatu unaingia pale juu, na chini yake bomba tupu refu. Mara ya kwanza kuonyeshwa kipande kama hicho nilikaa nacho mkononi muda mrefu, maana miaka yote nilikuwa nachora via (hilo tundu) kwenye kompyuta kama kiduara tu, sijawahi kufikiri ina kimo.

Dawa ziko mbili. Moja ni kuchimba kwa nyuma, yaani kiwanda kinarudisha drili kubwa kidogo kuliko tundu, kinakwangua shaba ya kisiki mpaka karibu na leya yako, kinabaki kipande kidogo kama robo milimita hivi, shimo linakimbia juu huko usikokuhitaji. Inaongeza gharama na lazima kwenye michoro uandike tundu gani lichimbwe mpaka leya gani, wasije wakakata njia yenyewe. Ya pili haina gharama ila ni mpaka uanze kuchora upya, signali zako za kasi zaidi zishushe leya za chini kabisa, mbali na konekta, ili tundu lote litumike na kisiki kibaki kifupi. Watu wengi wanafanya kinyume, za muhimu wanaziweka juu kwa sababu eti ziko karibu.

SWALI: Assalam aleikum mwalimu, niko Muscat, kazi yangu ni upande wa mitambo ya data senta ila zamani nilikuwa napima bodi. Nina kabati moja linanisumbua akili. Upotevu nimepima jozi kwa jozi, zote ziko chini ya kikomo. Nikiweka kadi mbili tu linaenda siku nzima bila kosa. Nikijaza kadi zote makosa yanaanza, na ni nafasi za katikati tu.

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Kabati lako limekwambia lenyewe, ukiongeza majirani ndo linaumwa. Hizo ni kelele za jirani.

Upotevu peke yake hauwezi kukwambia kama chaneli ni nzuri, na hapa naomba wote mnisikilize. Kwenye konekta pini zimebanana, jozi inayotuma iko milimita chache kutoka jozi inayopokea. Inayotuma ndo kwanza imetoka kwenye chipu yake ina nguvu zote, inayopokea imesafiri mita nzima imebaki na milivolti 56 za volti 1. Jirani akikuvujishia hata asilimia 2 tu ya volti yake, hiyo ni milivolti 20, zaidi ya theluthi ya signali yako imeliwa. Nafasi za katikati zina majirani pande zote mbili, ndo maana za pembeni zinapona. Kwa hiyo ile kanuni ya zamani ya mwaka 2007 ilikuwa na vipimo kadhaa: upotevu, namna grafu inavyoyumba kutoka kwenye mstari laini, mwangwi unaorudi, na uwiano wa upotevu na kelele za majirani. Kila kimoja na mstari wake wa kikomo.

Shida ikawa hivi, chaneli moja inavuka mstari mmoja kidogo ila iko safi sana kwingine, inafanya kazi, lakini kwa karatasi imefeli. Nyingine imepita yote kwa unywele mmoja mmoja, kwa karatasi iko safi, ukiiwasha haifanyi kazi, maana ubaya wa kila upande umejumlishana. Ndo 2014 wakaleta COM (Channel Operating Margin, yaani nafasi inayobaki kabla chaneli haijashindwa). Unachukua vipimo vyote, chaneli yako na majirani zake, unaongeza na modeli ya ganda la chipu (kuna fupi ya milimita 12 na ndefu ya milimita 30, unajaribu zote mbili), unaweka ikwalaiza (saketi za kunyoosha signali) za pande zote, halafu hesabu inakupa namba moja, signali iliyobaki ikilinganishwa na jumla ya kelele zote, mwangwi, majirani, mtetemo wa muda, kila kitu. Ikitoka desibeli 3 au zaidi umepita. Desibeli 3 maana yake signali ni mara 1.4 ya kelele kwenye kile kiwango cha makosa kinachoruhusiwa. Mi naona hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote walivyofanya kwenye kiwango kile, kwa sababu kinamruhusu mchoraji kubadilishana: ukipunguza kelele unaweza kukubali njia ndefu zaidi, ukitumia bodi ya bei nafuu ujue utalipa kwa kuziweka jozi mbali mbali.

Kwako wewe, pima tena ile nafasi ya katikati lakini safari hii pima jozi zote zinazoizunguka kuingia kwako, za upande wa karibu na za upande wa mbali, uziweke zote kwenye hesabu. Na angalia na joto pia, kadi zikijaa hewa ya katikati inapanda, FR-4 ikipata joto na unyevu upotevu unaongezeka, kile ulichopima kwenye chumba cha kiyoyozi sicho kinachoishi ndani ya kabati.

SWALI: Mwalimu naomba unielekeze kupima na VNA (mashine ya kupima signali inavyopita kwa kila masafa) ya milango minne, mwongozo wa mashine una kurasa mia tano sijui nianzie wapi. Mimi ni fundi, Kampala.

JIBU: Anza na usafi. Futa konekta kwa pamba na alkoholi, kaza kwa spana ya kupimia nguvu na si kwa mkono, kwa konekta za milimita 3.5 na 2.92 ni nyutoni-mita 0.9. Washa mashine uiache ipate joto la kutosha, ndo ufanye kalibresheni, na ukishafanya usizikunje tena kebo. Nimeona kebo ikisogezwa tu kupisha kikombe na grafu ikahama.

Pima kuanzia megahezi 10, kwa hatua za megahezi 10, mpaka mara mbili au tatu ya masafa yako ya msingi (nusu ya kasi ya biti). Bodi ya kupimia itoe kwenye hesabu kwa kutengeneza kipande chake cha pekee kilichounganishwa mgongo kwa mgongo, IEEE 370 ya mwaka 2020 imeeleza njia hiyo vizuri. Halafu kabla hujampa mtu faili likague: kwenda na kurudi lazima ziwe sawa, na hakuna mahali signali inatoka kubwa kuliko ilivyoingia. Bakpleni haina betri, haiwezi kuongeza nguvu.

Na hili la mwisho nakuomba ulishike. Namba za milango. Kuna wanaoweka 1 na 2 upande wa kushoto, 3 na 4 kulia, na kuna wanaoweka 1 na 3 kushoto, 2 na 4 kulia. Faili halisemi ni ipi. Tuliwahi kupoteza siku 2 nzima sehemu moja niliyofanya kazi, grafu inaonyesha chaneli imekatika wakati ukipima na mita inalia, kumbe programu ilikuwa inasoma namba kwa mtindo ule mwingine. Andika ndani ya faili, kwa maneno, mlango upi uko wapi.

SWALI: Hii PAM4 inabadilisha nini kwenye hayo yote?

JIBU: Badala ya ngazi mbili za volti unakuwa na nne, kila wimbi linabeba biti 2, kwa hiyo kwa kasi ileile ya biti masafa yanashuka nusu. Lakini jicho moja, yaani nafasi iliyo wazi kati ya ngazi, linagawanyika matatu, kila moja ni theluthi ya kimo, umepoteza desibeli 9.5 kabla hata hujatoka kwenye chipu. Kwa hiyo kelele na mwangwi ambavyo zamani ulivisamehe sasa vinakuua. Kiwango cha 802.3ck cha mwaka 2022 kinapitisha gigabiti 100 kwenye jozi moja kwa njia hii na upotevu unaoruhusiwa ni kama desibeli 28 kwenye gigahezi 26.6. Kwenye masafa hayo kisiki cha milimita 1 tu kinaanza kukusumbua.

SWALI: Nimewasha linki ya 10GBASE-KR kwa sekunde 10, mashine haijahesabu kosa hata moja. Naweza kuandika imepita?

JIBU: Bado. Kiwango kinataka kosa lisizidi moja kwenye biti trilioni moja. Sekunde 10 umepitisha biti bilioni 103 tu, kama sehemu ya kumi ya trilioni. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 bila kuona kosa lolote unahitaji biti trilioni 3, gawanya kwa gigabiti 10.3125 unapata sekunde 291. Acha iende dakika 5 kamili, kadi zote zikiwa zimechomekwa na zote zinatuma kwa wakati mmoja, ikibaki sifuri ndo uandike.